Tapeti Zililia Mpaka Kaliua

Kila nikipita kisimani mnaniuliza, Bi Mwajuma, huko Ujiji kulikuwaje, nami nawajibu nusunusu, natwika ndoo, naondoka. Nimechoka na hizo nusu. Nimekaa nimeandika yote mara moja, ajuaye kusoma amsomee asiyejua, na baada ya hapo asiniulize mtu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya irukeni. Maneno yenyewe yamekaa sawa.

Mdogo wangu Zena mnamjua wale wa umri wangu. Tumbo moja, ziwa moja, akaolewa Ujiji, akazeekea huko. Ugonjwa ulimwanza tumboni. Madaktari walimtazama, wakamruhusu arudi nyumbani, na ninyi ni watu wazima, mnajua ruhusa ya namna hiyo maana yake nini. Akapiga simu. Alitaka vitu viwili: mimi, na asali ya kwetu. Huko kwao asali ipo, lakini alisema hiyo ni maji ya sukari, anataka ile nyeusi ya msituni aliyokuwa akilamba kwenye kidole cha baba.

Treni ya Kigoma ilikuwa imetupita hapa stesheni Kigwa jana yake. Mjukuu wangu Ramadhani, Rama huyu huyu mnayemjua, akasema, "Bibi, treni ya nini na chuma kipo?"

Chuma ndilo gari lake. Kwa nje ni gari dogo la kawaida lenye mistari myekundu ubavuni. Ndani ya boneti kuna injini iliyotoka kwenye gari la mashindano, kaipandikiza humo mwenyewe na wenzake, na akiisifu utadhani anasifu mchumba. Mimi nami nilijivunia. Mjukuu wangu kunifikisha Ujiji kwa gari lake, nani asingejivunia?

Kigwa mpaka Tabora mjini

Tuliondoka jua linachomoza. Nilibeba michembe ya viazi vitamu, karanga, kanga mbili na asali. Asali niliiweka kwenye kidumu cha oil, cheusi, chenye kizibo chekundu. Msijifanye kushangaa. Nani kati yenu haweki asali kwenye kidumu cha oil? Ukikisugua na majivu na maji ya moto, kinakuwa safi kuliko vikombe vya watu wengine humu kijijini. Nikakiweka kwenye buti la gari, nikakikaza na mfuko wa michembe kisianguke.

Rama akawasha. Gari likaanza: tak-tak-tak-tak, juu juu, haraka haraka, kama cherehani iliyopandwa na mashetani. Kuku wakakimbia.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "gari lako linalia."

"Tapeti hizo, Bibi. Zikipata moto zinanyamaza."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia hilo neno. Sasa nalijua kuliko jina la ukoo. Tapeti ni vikopo vidogo vya chuma, kimoja kinajaa katikati ya kiganja. Vinakaa juu kwenye injini, vingi, vimejipanga mistari miwili, na kazi yao ni kusukuma vilango ambavyo injini inapumulia. Za gari la Rama ni zile zinazojijaza oil ndani. Ikijaa vizuri inakaza, haina nafasi, haina kelele. Isipojaa inabaki na hewa tumboni, inagongwa, inalia.

Kweli, kabla hatujaingia mjini zilipungua. Rama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Hata hivyo akapita gereji kwa fundi rafiki yake. Yule kijana akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza huku kafumba macho.

"Inalia juu, hiyo ni nafuu," akasema. "Ingelia chini ningekwambia uza. Lakini imeshapata moto na bado moja mbili zinanong'ona. Ya uchafu hunyamaza ikipata moto. Hizi zinakufa. Na unavyoikanyaga wewe! Lala hapa, kesho tuifungue."

Rama akanigeukia. Mimi ndiye niliyejibu. "Mwanangu, niendako kuna mtu hawezi kusubiri kesho."

Fundi akafunga boneti.

Tabora mpaka Urambo

Barabara hiyo ndiyo njia ya babu zetu. Walipita humo na pembe na marobota ya nguo begani, kwenda Ujiji na kurudi, na mguu ulikuwa ndio gari. Nilikuwa nawaza hayo, nikisema moyoni, tazama, mjukuu wa mpagazi amekalia kiti cha ngozi. Nilikuwa nachekacheka peke yangu. Sikujua nacheka nini.

Rama akaikanyaga, tapeti zikaanza tena kulia, na hapo simu ikalia. Alikuwa Asha, binti wa Zena, akamwekea mama yake sikioni. Sauti ya Zena ilikuwa imekonda.

"Dada, hiyo ngoma inapigwa wapi? Mmepitia harusini?"

"Harusi gani! Ni gari la mumeo Rama."

"Linaumwa?"

"Rama anasema ni tapeti."

"Ta-pe-ti." Akalitafuna hilo neno, akacheka kicheko kidogo kikakatwa na kikohozi. "Basi nitawasikia mkiwa bado kwenye kona ya msikiti. Asha, umesikia? Nikilala msinisumbue na uji wenu wala vidonge vyenu. Mtu asiniamshe. Nitaamka mwenyewe nikisikia tapeti."

"Sawa, mama," nikamsikia Asha akisema.

Tukacheka wote, Rama akapiga honi, Zena akasema, "Honi kila gari linayo. Mimi nataka tapeti." Tukakata simu. Nawaambia hili mapema ili mlikumbuke.

Urambo tukala. Ugali mweupe, nyama ya kuchemsha ngumu kama kandambili, mchicha wa karanga uliookoa shughuli. Vijana wa stendi wakaliona gari na mistari yake, wakalizunguka. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye msoma ramani wa mashindano. Nikamwambia mimi ndiye dereva, huyu ananishikia usukani tu nile. Wakacheka. Halafu wakaanza, "Bro, tupigie resi! Tupigie resi moja tu!"

Rama hana dawa ya sifa. Akaingia, akawasha, akaikanyaga pale pale ilipo, ikanguruma mpaka sahani zikacheza mezani. Vijana wakapiga makofi. Alipoachia, ule mngurumo ukaisha na tapeti zikabaki zinalia. Hazikunyamaza tena. Injini ilikuwa ya moto, na zililia.

Urambo mpaka Kaliua

Mvua ikatushukia katikati ya misitu, mvua ile ya kuziba macho. Mabani ya kukaushia tumbaku yalipita pembeni kama vivuli. Rama akawa anaangalia taa ndogo mbele yake, anaangalia barabara, anaangalia taa.

"Oil imepungua," akasema. "Ndiyo maana zinapiga. Naongeza."

Akajifunika jaketi kichwani, akatoka. Nilimsikia akifungua buti, kisha boneti. Nilikaa ndani nikitafuna karanga. Akarudi ameloa chapachapa, akawasha, tukaondoka, na kwa kitambo kidogo kelele zilipungua, nikamsifu. Ndiyo, nilimsifu.

Halafu nikasikia harufu. Nzuri. Tamu.

"Rama, nani anapika kashata huku porini?"

Kelele zikarudi, safari hii si tak-tak, ni kama mtu kamwaga misumari kwenye sufuria na anaitikisa. Taa nyekundu ikawaka. Akazima gari hapo hapo, tukateleza kimya mpaka kando ya barabara.

Akaenda nyuma, akarudi na kidumu mkononi. Cheusi. Kizibo chekundu. Alikuwa na chake cha oil, sura hiyo hiyo, kimelala upande mwingine wa buti. Akachovya kidole, akalamba. Sijawahi kuona mtu mzima akilamba kitu kitamu kwa uso wa namna ile.

"Bibi, kwa nini unaweka asali kwenye kidumu cha oil?"

"Na wewe kwa nini unaweka oil kwenye kidumu cha asali?"

Mvua ikaendelea kupiga juu ya paa. Rama akaweka kichwa kwenye usukani, mabega yakaanza kucheza, na mimi nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Tulivutwa na trekta la tumbaku mpaka Kaliua. Mwenye trekta hakuuliza kitu njia nzima. Alipotufungua kamba ndipo akasema, "Mama, gari lenu linanukia kama mzinga."

Kaliua, tulipokwama

Gereji ya Fundi Masanja ni mabati manne juu ya nguzo, nyuma ya banda la mama ntilie anayeitwa Mama Neema. Masanja ni Msukuma, mrefu, mikono kama makasia. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nikaitikia kama mama yake, akauliza habari ya ugonjwa wa gari. Rama akamweleza. Masanja akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaenda nyuma ya banda, tukamsikia akichekea huko. Akarudi na uso wa kazi.

"Wanyamwezi," akasema. "Mnalisha hata magari."

"Fungua injini, Msukuma, usitufungulie mdomo," nikamjibu.

Akafungua. Alitoa mfuniko wa juu, na humo ndani badala ya oil inayong'aa kulikuwa na kitu cheusi kinachovutika, kimeungua pembeni kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Akashusha na bakuli la chini. Asali ilikuwa imekaa chini kabisa kwa uzito wake, pale pampu inaponyonyea, imeziba chujio. Alichomoa tapeti moja moja na kuzipanga kwenye gunia kwa mpangilio zilivyokaa, na kumwonya Rama asiziguse, maana kila moja imezoeana na mahali pake.

Akaanza kuosha na petroli. Petroli ikapita juu, asali ikabaki inamtazama. Mama Neema alikuwa anasonga ugali hapo jirani, akapaza sauti bila kugeuka: "Nyie wanaume, asali na petroli wapi na wapi? Chukueni maji ya moto." Nilichukia, kwa sababu neno hilo lilipaswa kutoka kwangu. Masanja akabishana kidogo kwamba maji na chuma ni maadui, mwisho akachukua sufuria ya maji ya moto. Ikatoka. Akafuta, akapuliza, akapaka oil.

Na hapo wakaja nyuki.

Kwanza mmoja, halafu kumi, halafu usiulize. Nyuki wa Kaliua walikuwa wamepata habari. Walitua kwenye bakuli, kwenye injini, kwenye gunia la tapeti, kwenye nywele za Rama. Masanja na umbo lake lote akakimbilia kwa Mama Neema akajifunika kanga. Kazi ikasimama. Tukawasha kinyesi cha ng'ombe na majani mabichi tupate moshi, tukasubiri waondoke, na nyuki akishajua pako hana haraka. Jua lote lililobaki la siku ile lilitupotea hivyo. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Simu ya Asha ilikuja wakati ule ule: "Mama mkubwa, anauliza tapeti zimefika wapi."

"Mwambie ziko Kaliua."

"Leo hajala kitu."

Asubuhi yake Masanja akatuita. Alichukua tapeti moja, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama jiwe. "Hii nzima." Nyingine, ngumu. Nyingine, ikazama chini ya kidole kama kitovu cha mtoto. "Hii imekufa." Zilikuwa nne zilizozama, na nyingine kadhaa zilizoganda na sukari.

"Asali imeziua," Rama akasema haraka, akinitazama.

"Hapana," Masanja akasema. "Zilizoganda, sawa, za asali. Hizi nne zimelika. Tazama usoni kwake, imechimbika. Hizi zilikufa zamani. Bwana mdogo, gari lilikuambia, wewe ukaongeza sauti ya redio."

Rama akainama kuzitazama zile nne.

Tapeti mpya zilikuwa Tabora, duka moja la spea la mzee wa Kihindi anayejua kazi yake. Masanja akampigia. Mtandao ulikuwa unakatika, akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni: "Tapeti za oil! Nasema za oil! Haya, mpe kondakta." Tukasubiri basi. Mchana likaja, kondakta akashusha boksi na, juu yake, kidumu cha oil. Cheusi. Rama alipokiona alikaa chini.

Masanja akafungua boksi, akaitoa moja, akaigeuza. "Hii ni ngumu ya kawaida, haijijazi oil. Haiingii hapa." Akampigia yule mzee tena. Nilimsikia mzee mwenyewe kwenye simu, kwa upole: "Fundi, si ulisema tapeti na oil? Nimekupa tapeti, nimekupa oil."

Za oil. Na oil. Herufi moja tu, na siku yangu nyingine ikaenda nayo.

Basi lile lilikuwa linaendelea Kigoma. Kondakta akaniona nilivyosimama, akasema, "Bibi, kiti kipo, panda." Nikachukua mfuko wangu. Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Rama alikuwa amesimama na mikono imejaa grisi, anatazama chini. Masanja akasema, "Mayu, kesho saa tatu mnaondoka. Usipoondoka nikate sikio hili." Na Zena alikuwa ametaka kumwona Rama na kulisikia gari lake. Nikashuka. Basi likaondoka. Mkitaka kunisema kwa hilo, nisemeni, mimi mwenyewe nimeshamaliza.

Jioni Asha hakupiga. Nikapiga mimi. "Anasinzia, anaamka," akasema. "Akiamka anageuza uso dirishani."

Tapeti zenyewe zililetwa asubuhi na basi la kwanza. Rama akataka zifungwe papo hapo. Masanja akakataa, akazimwaga kwenye beseni la oil safi, akawa anazibonyeza moja moja ndani yake, mapovu yakitoka. "Zinyonye kwanza. Ukizifunga na hewa tumboni zitalia njia nzima." Nililea watoto, nililielewa hilo. Akazifunga. Nikasimama na mfuko wangu tayari. Akasema bado.

"Bado nini tena?"

"Zimejaa mno sasa, zimenyanyua vilango. Ukiwasha, vilango vinagongana na pistoni, na hapo hutaenda Ujiji wala Kigwa. Ziache zikae, zishuke zenyewe."

Basi nikaketi kwenye ndoo, nikatazama injini ikikaa. Kuna kusubiri kwingi nimekuona maishani, mvua, uzazi, treni. Kusubiri chuma kishushe pumzi sikuwahi.

Hatimaye akamwambia Rama awashe, asiikanyage. Zikalia zote kwa pamoja, nikashika kichwa. "Tulia," Masanja akasema. Ikanyamaza moja. Nyingine. Nyingine tena, kama watoto wanaoshikwa na usingizi mmoja mmoja chumbani. Ikabaki moja, tak, tak, tak, kaidi, halafu nayo ikazama. Masanja akaweka kikombe cha chai juu ya injini. Chai haikutikisika.

"Hata mgonjwa mtampitia asisikie," akasema.

Nikampa mkono. Nikausifu ukimya ule kwa mdomo wangu.

Kaliua mpaka Malagarasi

Rama aliendesha kwa adabu. Nguruka tulisimama tununue samaki wa mto, wamekaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni. Mwanamke aliyetuuzia alimwuliza Rama kama gari limezimika au linawaka. "Linawaka," Rama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile alitabasamu. Kidumu cha asali nilikuwa nimekipakata. Kilikuwa kimebaki nusu na zaidi kidogo. Kwa kulamba kidole, nusu inatosha.

Tulipovuka daraja la Malagarasi nilimpigia Asha. Simu iliita, haikupokelewa. Nikajisemea yuko jikoni. Kweli alikuwa jikoni.

Baba alitusimulia kwamba wapagazi walipofika mto huu walikuwa wakiimba, kwa sababu Ujiji imekaribia. Mimi sikuimba. Nilihesabu vijiji. Nilikuwa nimeanza kuwaza kwamba mtu mwenye mzigo kichwani, akitoka Kigwa siku ile niliyotoka mimi, angekuwa bado yuko nyuma yangu sana. Nikajipa moyo na hilo. Lilikuwa kweli, wala halikusaidia.

Ujiji

Tuliingia baada ya adhuhuri. Tukapita kona ya msikiti. Rama akapunguza mwendo, akanitazama, nami nikamtazama. Watu waliokaa barazani hawakugeuza hata shingo. Gari lilipita kama paka.

Tukasimama mlangoni kwa Zena. Hakutoka mtu. Nikashuka, nikabisha hodi mara tatu, Asha akatokea nyuma ya nyumba na mwiko mkononi, akashtuka.

"Shikamoo, mama mkubwa! Mmekuja na nini? Sikusikia gari."

"Marahaba. Limetengenezwa. Yuko wapi?"

Akaweka kidole mdomoni. "Amelala. Jana na juzi hakufumba jicho, kila gari likipita anauliza, ndilo? Namwambia silo. Leo ndiyo amepata usingizi. Alisema tusimwamshe, anajua mwenyewe atakavyoamka."

Nilichungulia. Alikuwa kitandani, mdogo kama mtoto wa shule, uso kaugeuzia dirisha la barabarani. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka. Nikaridhika. Nikarudi barazani, nikanawa miguu. Asha akatupakulia ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani kwenye mawese, akakaa kutusindikiza. Tulikuwa na njaa. Tulikula vizuri, siwafichi.

Rama akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, niende nje niwashe gari? Ajue tumefika."

"Litamwamsha nani, na limenyamaza?" nikamwambia. "Mwache bibi yako apumzike. Tumeshafika, hatuondoki."

Nilimwambia Asha habari ya asali na nyuki. Akacheka, akajiziba mdomo na upande wa kanga asimwamshe mama yake. Mimi pia nilijiziba. Tulikaa hapo barazani tunachekea vitambaani, ukuta mmoja tu kati yetu na yeye, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Asha akamimina uji, akamimina asali juu yake, akasema sasa ale hata akikasirika. Akaingia.

Akatoka na bakuli lile lile limejaa. Halikumwagika hata tone. Akaliweka chini pole pole, akaketi pembeni yake.

Nilimwosha mimi, na Asha akinimiminia maji. Tulimzika asubuhi. Rama alibeba jeneza mpaka mwisho, alikataa kupokewa. Asali waliila watu wa matanga kwenye uji, na wengi waliuliza imetoka wapi, kwamba asali kama hiyo hawajapata kuonja.

Tulirudi kwa barabara hiyo hiyo. Hatukukwama popote. Tulipopita Kaliua ilikuwa jioni na gereji imefungwa, na Rama hakusimama. Fundi Masanja akapiga simu tukiwa tumeshafika hapa Kigwa, anataka kujua kama tapeti zinalia. Rama akanipa mimi simu. Nikamwambia hazilii. Akamshukuru Mungu, akasema kazi yake haina mapungufu, na ni kweli, haina. Sikumwambia jingine, hana kosa.

Ninyi ndio nawaambia. Ningejua, ningemwambia fundi aniachie moja tu ilie.